Kundi Bila Katungu

Tangu juma lililopita Timothée amesimama kwenye baraza lake na simu sikioni, na wasomaji wawili wamenisimamisha sokoni kuniuliza kama nina roho mbaya. Sina. Nafasi ya gazeti ndiyo iliyoisha. Haya, tumtoe pale.

Aliyempigia ni binamu yake Alphonse, muuguzi wa Yanonge, huko chini mtoni. Alphonse alimwambia, "Timothée, kaa kwanza."

Timothée hakukaa.

"Sema tu."

"Baleinière ilizama hapa karibu, jana saa kumi. Iligonga muti ndani ya maji. Kuko mutu tulimutoa asubuhi hii. Nilimuonaka kwako siku ya mwaka mupya. Ule mucommerçant wa samaki, jirani yako."

"Edouard?"

"Njo yeye. Hayiko tena, Timothée. Pole."

Edouard. Mume wa Katungu, nyumba ya tatu kutoka kwa Timothée, hapa hapa komini ya Tshopo. Ijumaa asubuhi alipanda ile boti ya mbao kwenda kununua samaki wa moshi, akasema atarudi Jumanne. Sasa ni Jumamosi, saa moja asubuhi, na mkewe yuko uani anafagia na kuimba. Timothée anamsikia kabisa kutoka pale alipo.

Machozi yalimtoka mwalimu wa watu. Lakini kidole kina mazoea yake. Kabla hajajua anafanya nini, alishafungua kundi la simu la majirani, Voisins Bomoko, yaani majirani wa umoja, na alishaandika nusu ya rambirambi.

Ilibaki kugusa kitufe cha kutuma tu. Angegusa, Katungu angeweka fagio chini, angechukua simu, na angeisoma peke yake, amesimama.

Timothée alifuta neno kwa neno, akavaa kandambili, akakimbia kwa Papa Cyprien.

Papa Cyprien ni mtumishi wa serikali mstaafu na ndiye msimamizi wa kundi. Ana miaka sabini na moja na hacheki na mtu. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na weye."

"Bon. Maman Benie asisikie kwa simu. Unakumbuka ya mama yake?"

Nani asiyekumbuka? Maman Benie ndiye Katungu, kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Miaka miwili iliyopita mama yake alifariki huko Butembo. Mpumbavu mmoja akatuma pole kwenye kundi la familia kabla familia haijakaa. Katungu akasoma, akaanguka juu ya mbabula, jiko la makaa, yenye moto. Ana tension, ile ya damu. Alilala hospitali siku kumi na moja, na kovu la mkono analo hadi leo.

Isitoshe, kwetu habari ya kifo haitumwi kama bei ya mahindi. Watu wanakuja kwanza. Wanakaa. Mkubwa wa familia anakuwepo. Ndipo mdomo unafunguliwa.

"Yaya yake Moïse iko wapi?" aliuliza Papa Cyprien, yaani kaka yake mkubwa.

"Bengamisa, kwa shamba yake ya kakao."

"Umuite. Apande moto, pikipiki yoyote, akuje. Kabla yeye hajafika, hakuna mutu atasema kitu."

Nia yake ilikuwa njema. Nataka mlikumbuke hilo baadaye, mtakapotaka kumtukana.

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo walidhani ni la akili. Voisins Bomoko lina watu arobaini na wanne. Papa Cyprien alifungua kundi jipya, akaliita Bomoko 2, akaingiza watu arobaini na wawili. Wawili aliowaacha nje ni Edouard na mkewe.

Ndani ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa umehama. Kila mtu alilia kule, kimya kimya, kwa vidole. Nani ataleta turubai la parokia. Nani ana viti. Maman Philomène, jirani wa ukuta kwa ukuta, aende sasa hivi kukaa na Katungu, ajifanye amekuja kuchambua pondu, majani ya muhogo, na ahakikishe hapati simu ya mtu mwingine.

"Na mutoto yao Benie?" mtu aliuliza.

"Iko kwa tantine, shangazi yake, kule Mangobo," alijibu Philomène. "Ijumaa nilimuona juu ya moto na papa yake, na kibegi. Congé yote ya masomo atapitisha huko."

"Alors tumuache kwanza," aliandika Papa Cyprien. "Mutoto ataambiwa na mama yake."

Watu wakaweka vidole gumba, na jambo la Benie likapita.

Moïse alipatikana saa nne tu, kwa sababu shambani mtandao ni wa kuwinda. Alisema anatoka, atafika saa nane. Basi kazi ilikuwa moja: kumshika Katungu kwa saa nne bila kujua kwamba ni mjane.

Saa nne hizo zilikuwa ndefu.

Kwa maana Voisins Bomoko, ndugu msomaji, si kundi la kunyamaza. Kuanzia alfajiri watu huandika: courant, yaani umeme, iko kwenu? Maji inatoka? Nani anauza makala ya kupikia ya bei nzuri? Kisha vita ya mashariki, kisha barabara, kisha wabunge. Na kila siku ya Mungu, bila kukosa, Timothée na Muhindo wanagombana. Timothée ni mwalimu na anaitetea serikali. Muhindo anauza misumari na mabati pale kona, asili yake ni Lubero, na hamtetei mtu yeyote. Wanatukanana hadi Papa Cyprien anawafungia, kisha jioni wanakunywa pamoja.

Jumamosi ile, hakuna. Hata "bonjour" hakuna.

Saa nne na robo Katungu aliandika: "Courant iko kwenu?"

Hakuna aliyejibu. Wote walisoma, hakuna aliyejua amjibu kwa mikono gani.

Saa sita kasoro robo: "Maji je?"

Hakuna.

"Philomène," alisema Katungu, huku akiendelea kuchuma majani ya pondu, "unaona vile watu wamenyamaza? Wote wamekosa mégas za internet?"

"Labda réseau imekatika," alisema Philomène. Kisha akageukia ukuta, kama mtu anayefunga kitambaa, na kuandika kwenye Bomoko 2: "Ameanza kuuliza. Mufanye kitu."

Papa Cyprien alifanya kitu. Amri ilitoka saa hiyo hiyo: watu warudi kule kundi la kwanza, waongee kama kila siku. Courant, maji, makala. "Na nyinyi wawili, Timothée na Muhindo, mugombane. Politique. Sasa hivi."

"Papa Cyprien, sina nguvu," aliandika Muhindo.

"Mugombane, nimesema."

Kwa hiyo wakagombana. Nimeusoma ugomvi wenyewe, bado uko simuni mwa watu. Sijawahi kuona ugomvi wa kuhuzunisha namna ile.

Timothée alianza: "Serikali inafanya kazi, mwenye macho anaona."

Muhindo: "Kazi gani? Barabara ya kwetu mashariki imekufa." Halafu, baada ya dakika mbili: "Mais ninaelewa kwamba haiko rahisi."

Timothée: "Ni kweli barabara imekufa. Uko na haki."

Muhindo: "Asante, ndugu."

Timothée: "Hata mimi nasema asante. Unisamehe tu kama nimekukosea."

Duka la Muhindo lilikuwa wazi. Mteja alisimama mbele yake kutaka kilo mbili za misumari, akamwona muuzaji anaandika siasa huku machozi yanadondokea meza. Mteja akaenda kwingine.

Kule uani Katungu alikuwa akimsomea Philomène kwa sauti. Mara ya kwanza alicheka.

"Sikia hii. Timothée anasema Muhindo iko na haki. Leo mvua itanyesha ya mawe."

Philomène alicheka naye. Alijua kicheko chake ni kibaya, akainamisha uso kwenye sufuria.

Kisha Katungu hakucheka tena. Alipandisha ujumbe juu kwa kidole, akashusha, akapandisha. Palikuwa na alama tatu za ujumbe uliofutwa. Wajinga watatu walikuwa wameanza kuandika habari ya boti, wakakumbuka wako kundi lipi.

"Watu watatu wamefuta maneno," alisema. "Na hawa wawili wanaongea kama watu wa matanga."

Philomène alichuma jani ambalo lilishachumwa.

"Philomène. Kuko mutu amekufa."

"Maman Benie..."

"Usinifiche. Ni mama ya Muhindo, si vile? Ni majuma tatu simu yake haipite. Ule mzee amekufia ndani ya vita, na Muhindo iko pale duka, anajikaza. Njo maana Timothée anamuonea huruma."

Ningekuwa Philomène, sijui ningefanya nini. Yeye alifanya kosa la mtu mwenye moyo laini: alinyamaza. Na Katungu akachukua kunyamaza kule kuwa ndiyo.

Aliosha mikono. Aliingia ndani, akatoka na kitenge cha heshima, kile cha misiba, akajifunga kiunoni juu ya nguo ya nyumbani.

"Unaenda wapi?"

"Kumuona Muhindo. Mutu wa kwetu amefiwa, mi nakaa hapa na pondu?"

"Ungoje kidogo. Twende pamoja saa nane."

"Saa nane kuko nini?"

Philomène alikuwa tayari ameshika simu. Katungu alishafika kwenye lango.

Bomoko 2 iliwaka. "Anatoka." "Amevaa kitenge ya kilio." "Anaenda kwa Muhindo." "Muhindo, funga duka." "Usifunge, ataona." Papa Cyprien aliandika kwa herufi kubwa kwamba asizuiwe na mtu, wala asiambiwe na mtu. Watu walisimama malangoni kwao kumtazama Katungu akipita, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mnene kidogo, anayetembea haraka kwenda kumpa pole mtu mwingine. Wanawake wawili waliingia ndani kwa sababu hawakuweza kumtazama.

Alimkuta Muhindo nyuma ya meza.

"Muhindo. Pole, ndugu yangu. Nilielewa peke yangu. Ulifikiri utajificha mpaka lini?"

Muhindo alitaka kusema. Katungu alizunguka meza, akamshika kichwa, akakilaza begani pake. Na Muhindo, mwanamume wa mabati, aliyeshindana na kila gavana na kila waziri tangu nimjue, alilia hadi mabega yakatikisika.

"Lia," alimwambia Katungu. "Mama ni mama. Edouard akirudi Jumanne atakuja kukaa na weye. Anakupenda, unajua. Asubuhi ile ya kuenda aliniambia, chunga Muhindo asigombane sana na Timothée."

Muhindo alilia zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kufarijiwa kwa ukatili kama ule, na aliyekuwa akimfariji hakujua.

"Maman Benie," alisema mwishowe, "mama yangu..."

"Najua."

"Hapana. Mama yangu..."

Hakumaliza. Pikipiki ilisimama mbele ya duka. Ilikuwa saa saba na nusu, mapema kuliko walivyotarajia. Mtu aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi kutoka nyusi hadi viatu. Alikuwa amesimama kuuliza kama dada yake yuko nyumbani.

Katungu alimwona. Alimwachia Muhindo taratibu.

"Yaya Moïse?"

Moïse alitazama chini.

"Nani amekuita, yaya? Juzi uliniambia kakao iko tayari, hauwezi kutoka hata siku moja. Nani amekuita?"

Katungu alimtazama kaka yake, akamtazama Muhindo, akatazama barabarani. Majirani walikuwa wametoka. Wote walikuwa pale, arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Mmoja alibeba viti viwili vya plastiki na hakujua avifiche wapi.

Alielewa. Kila mtu alidhani ataanguka, na Philomène alikuwa amekwisha kukimbia nyuma yake na mikono wazi. Hakuanguka.

"Tuende kwangu," alisema. "Mukuje musemee kwangu. Siko nataka kusikia hii neno ndani ya duka."

Walikwenda. Turubai la parokia lilifungwa haraka kati ya nyumba mbili. Katungu aliketi kwenye mkeka, Philomène upande mmoja, Moïse upande mwingine, amemshika ule mkono wenye kovu. Papa Cyprien alisimama, akavua kofia. Alisema kama inavyotakiwa kusemwa, bila kukimbia na bila kuzunguka: kwamba Edouard aliondoka vizuri, kwamba mto haukumrudisha, kwamba alitambuliwa asubuhi hii Yanonge, na kwamba mtaa wote uko hapa.

Katungu alisikiliza hadi mwisho. Machozi yalishuka bila sauti. Kichwa alikitikisa polepole, mara nyingi. Watu walianza kupumua, kwani tension haikumwangusha. Papa Cyprien alitazama saa yake na nadhani moyoni alijiambia kwamba amefanya kazi yake vizuri.

Ndipo Katungu akainua uso.

"Na mutoto?"

"Usijali kwa mutoto," alisema Papa Cyprien kwa upole. "Benie hajui bado. Tumemuacha kwa tantine yake. Kesho tutaenda kumuchukua polepole."

"Tantine gani?"

"Wa Mangobo."

Katungu aliondoa mkono wake kwa Moïse.

"Benie hayiko Mangobo. Alilia njiani, hakutaka kubaki. Edouard alinipigia simu akiwa port, akaniambia, naenda naye, ataona mto. Benie alikuwa ndani ya baleinière."

Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira nyuma ya ukuta na kila teke lilisikika.

"Mumepata Edouard," alisema Katungu. "Benie mumemupata wapi?"

Timothée alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena, "Maman Benie, hatukujua. Hakuna mutu alituambia kama mutoto alikuwa naye."

"Nani angewaambia? Ni mimi tu niko najua. Tangu asubuhi mulikuwa munaongea nyote, avenue nzima. Hakuna mutu aliniuliza."

Papa Cyprien alikaa. Hakutafuta kiti. Alikaa pale chini alipokuwa amesimama.

Nani wa kulaumiwa? Mimi sina ujasiri wa kusema. Walimfichia kwa mapenzi, na kwa mapenzi yale yale walimwacha mtoto wake mtoni siku nzima bila jina.

Maana boti zile hazina orodha ya abiria. Wanaotafutwa ni wale ambao familia zimepiga simu kuwaulizia. Timothée alikuwa akilijua hilo. Alipiga simu Yanonge, akaiweka kwa sauti kubwa mbele ya wote.

"Alphonse. Kuko mutoto mwanamuke, miaka kumi. Alikuwa na ule jirani yangu."

"Mutoto? Hakuna jina ya mutoto imeletwa hapa. Piroga za kutafuta zimerudi tangu saa tatu. Majina yote tuliyopewa tulimaliza."

Philomène alijiziba mdomo. Katungu hakusogea.

"Alivaa nini?" aliuliza Alphonse.

"Robe ya njano," alisema Katungu kwa Timothée, taratibu, kama mtu anayeagiza dukani. "Na juu yake gilet ya bleu, sweta ya masomo. Nywele amesuka mistari sita."

Timothée alirudia.

"Ule iko muzima," alisema Alphonse.

Kilio kilitoka kwa watu wote kwa pamoja. Moïse alimkumbatia dada yake. Muhindo alipiga magoti. Ni Katungu tu aliyebaki amekaza macho kwenye simu, kwa sababu alikuwa amesikia namna Alphonse alivyolisema neno lile.

"Wavuvi walimutoa jana magaribi," aliendelea Alphonse. "Alilala kwa dispensaire. Hakuwa anaongea, hata jina yake alikataa kusema. Leo asubuhi tukamupeleka libongo, pale watu wanashukia, tukauliza kila mutu: nani anatafuta mutoto huyu? Tulingoja. Tulisema, jamaa yake atapiga simu. Mpaka saa sita."

"Halafu?"

"Hakuna mutu alipiga."

Saa sita ya mchana. Nimerudi kuangalia kwenye simu za watu. Saa sita kamili Timothée alikuwa anamwandikia Muhindo kwamba kuhusu barabara ana haki, na Muhindo alikuwa anamjibu asante.

"Mutoto iko wapi sasa, Alphonse?"

"Alichukuliwa. Mwanamuke mumoja alishuka na pirogue, akamushika mukono, akapanda naye. Sijue walielekea Yangambi ao ng'ambo."

"Mulimupa mutu musiyemujua?"

"Tungemukatalia namna gani?" alisema Alphonse, ambaye hakujua ni nani aliyekuwa ameketi mbele ya simu ile. "Alisema njo mama yake."